Midoli ya mitambo inapotoweka, bibi na mjukuu wanakosa boti moja

Mwaka 1990, bustani ya burudani ya Chessington World of Adventures, kusini magharibi mwa London, ilifungua safari ya boti iliyoitwa Professor Burp's Bubbleworks. Boti ziliingia polepole katika kiwanda cha kubuni cha soda, na humo ndani midoli inayoendeshwa kwa mitambo iligeuza vichwa na kufanya vituko kila upande. Mwishoni, maji yaliruka kama upinde juu ya vichwa vya abiria, yakimulikwa kwa taa za rangi.

Hapakuwa na kupinduliwa miguu juu, kichwa chini. Bibi, mama na mtoto wa miaka mitatu waliweza kukaa kwenye boti moja na kucheka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Leo safari hiyo haipo. Nyingine nyingi za aina yake nchini Uingereza zimefungwa, zimebadilishwa au zimepunguzwa hadi hazitambuliki. Midoli inayotembeza macho, mapango yaliyochongwa kwa mkono na vyumba vilivyopambwa mpaka kwenye kitasa cha mlango vimeachia nafasi skrini, bunduki za mwanga, waigizaji na treni za kasi.

Kwa anayelisikia kwa mbali, hili linaweza kuonekana jambo la wapenda michezo tu. Lakini linagusa kitu ambacho kila mzazi anakijua: ni vigumu kupata burudani ambayo familia nzima itaifanya pamoja, badala ya wengine kucheza na wengine kubaki nje wakishika mikoba.

Midoli hii ni nini?

Wataalamu wa burudani huiita animatroniki. Ni sanamu za watu, wanyama au viumbe vya hadithi zenye mifupa ya chuma ndani na ngozi ya mpira au plastiki nje. Hewa iliyoshindiliwa, mafuta ya presha au mota za umeme huisogeza mikono, taya na kope, ikifuatana na sauti iliyorekodiwa.

Jina hilo lilipata umaarufu duniani mwaka 1963, pale Walt Disney alipofungua ukumbi wa ndege wanaoimba, Enchanted Tiki Room, huko California. Lakini Waingereza walikuwa wakipenda safari za gizani zamani zaidi. Katika mji wa pwani wa Blackpool, bustani ya Pleasure Beach ilifungua safari ya boti ya River Caves mwaka 1905, na treni yake ya mizimu, Ghost Train, ilianza mwaka 1930.

Nguvu ya safari hizi haikuwa mwendo. Ilikuwa mandhari: harufu ya maji yaliyotuama, mwangwi, taa hafifu na kitu kinachojitokeza kwenye kona. Mtoto aliamini ameingia mahali pengine.

Ujuzi wa watengeneza sanamu

Katika miaka ya 1980 na 1990, bustani kubwa za Uingereza zilikuwa na bahati ya kipekee. Kampuni ya Tussauds, ambayo jina lake lilitokana na Madame Tussaud, mchongaji wa sanamu za nta aliyefungua maonyesho yake London mwaka 1835, ndiyo iliyoigeuza bustani ya wanyama ya Chessington kuwa bustani ya burudani mwaka 1987. Baadaye, mwaka 1990, ikainunua Alton Towers iliyoko Staffordshire.

Kwa maneno mengine, bustani hizo zilikuwa mikononi mwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutengeneza sura zinazofanana na binadamu. Mbunifu wao mkuu, John Wardley, alitokea kwenye kazi za jukwaani, na aliichukulia kila safari kama mchezo wa kuigiza ambao mtazamaji anapita katikati yake.

Matunda yake yalionekana haraka. Bubbleworks ilifuatwa na Haunted House ya Alton Towers mwaka 1992, nyumba ya mizimu ambamo vigari vilipita chumba hadi chumba. Mwaka 1994 Chessington ikafungua Terror Tomb, hadithi ya wezi wa makaburi ya Misri, na Alton Towers ikafungua Toyland Tours, safari ya boti katika kiwanda cha midoli ya watoto.

Bunduki zikaingia

Mabadiliko hayakuja siku moja. Hatua ya kwanza ilikuwa bunduki.

Mwaka 2002 Terror Tomb iligeuzwa kuwa Tomb Blaster. Mwaka uliofuata Haunted House ikawa Duel. Katika zote mbili abiria alipewa bunduki ya mwanga na kutakiwa kulenga shabaha zilizobandikwa ndani ya mandhari ileile ya zamani, huku pointi zake zikihesabiwa.

Watoto wengi walizipenda, na hakuna ubaya katika mchezo wa kulenga shabaha. Ila kitu kimoja kilibadilika ndani ya kigari. Mtu anayewinda pointi haangalii chumba wala hamwoneshi mwenzake kitu. Macho yake yanatafuta taa ndogo nyekundu. Mapambo yaliyochukua miezi kuchongwa yakawa ukuta wa kubandikia shabaha, na ukuta ambao hakuna anayeutazama ni rahisi kuacha kuutengeneza.

Bubbleworks nayo ilibadilishwa mwaka 2006. Ilipata mfadhili, sabuni ya Imperial Leather, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kutoka bafuni. Profesa na vituko vyake wakaondoka, mahali pao pakaja bata wa plastiki na mapovu. Safari ilifungwa mwaka 2016, na mwaka 2017 mfereji wake ukawa wa safari ya The Gruffalo, kiumbe wa kitabu cha watoto cha Julia Donaldson na mchoraji Axel Scheffler.

Jengo moja, sura nne

Anayetaka kuona historia nzima kwa mara moja aangalie jengo moja ndani ya Alton Towers.

Mwaka 1981 jengo hilo lilianza kwa safari ya boti ya kuizunguka dunia, Around the World in 80 Days. Mwaka 1994 likawa Toyland Tours. Mwaka 2006 likawa safari ya Charlie and the Chocolate Factory, kutoka kitabu cha Roald Dahl. Nusu ya kwanza ilibaki ya boti. Nusu ya pili ilikuwa chumba kilichoigiza lifti ya kioo, na abiria walitazama picha za skrini.

Mwaka 2015 safari hiyo ilifungwa. Jengo lilikaa kimya hadi mwaka 2019, lilipofunguliwa kama The Alton Towers Dungeon, maonyesho ya hadithi za kutisha yanayoongozwa na waigizaji hai. Boti bado zilitumika kwa sehemu. Lakini ilipoanza, mgeni alitakiwa kulipa nyongeza juu ya tiketi ya mlangoni, na vitisho vyake havikulenga watoto wadogo.

Kwa hiyo mahali ambapo kwa zaidi ya miaka 30 mtoto wa chekechea aliingia na babu yake bila kulipa senti ya ziada, palikuwa pamegeuka mahali ambapo mtoto huyo hakulengwa tena.

Miwani ya kompyuta na tumbo la msafiri

Mwaka 2016 ilionekana kama teknolojia mpya ingemaliza kabisa haja ya kuchonga mandhari. Alton Towers iliwavisha abiria wa treni yake ya Galactica miwani ya uhalisia pepe, inayomwonesha mvaaji ulimwengu wa kompyuta. Mwaka huohuo Thorpe Park, iliyoko Surrey, ilifungua Derren Brown's Ghost Train iliyotumia miwani ya namna hiyo.

Hesabu ilionekana nzuri: ukitaka hadithi mpya, unabadilisha programu, huhitaji fundi wa kuchonga. Lakini mwili wa binadamu una masharti yake. Sikio la ndani ndilo linalohisi kama mwili unasogea, unageuka au umesimama. Macho yakionyeshwa mwendo mmoja na sikio likihisi mwingine, hata kwa tofauti ndogo, ubongo huchanganyikiwa na mtu hupata kichefuchefu, jasho na kizunguzungu. Ni shida ileile ya anayesoma simu ndani ya basi.

Kulikuwa na tatizo la usafi pia. Kila miwani iliyogusa uso wa mgeni mmoja ilihitaji kufutwa kabla ya kuvalishwa mwingine, na foleni ikarefuka. Galactica iliachana na miwani miaka michache baadaye. Treni ya Thorpe Park ilirudi mwaka 2023 kwa jina fupi la Ghost Train, bila miwani, ikitegemea zaidi waigizaji na mandhari.

Kwa nini midoli iliachwa?

Sababu ya kwanza ni matunzo. Mdoli unaoinua mkono kila sekunde 20 kwa saa 8 huuinua mara 1,440 kwa siku. Katika msimu wa siku 200, hizo ni mara 288,000. Mipira ya hewa huchoka, viungo hulegea, ngozi ya mpira hupasuka, na ndani ya jengo lenye mfereji wa maji unyevu hula chuma. Matengenezo hufanywa wageni wakishaondoka, na fundi wa kazi hiyo hapatikani kila kona.

Matunzo yakipungua, mdoli haufi kwa siku moja. Kwanza unapoteza kope, kisha mkono, kisha unabaki umesimama gizani ukitetemeka. Mgeni anauona umechakaa, mwenye bustani anasema wageni hawaupendi tena, na bajeti yake inapunguzwa.

Sababu ya pili ni matangazo. Treni ya kasi inatangazika kwa sentensi moja. Mwaka 1998 Alton Towers ilitangaza Oblivion, iliyotumbukia wima shimoni. Mwaka 2013 ikatangaza The Smiler, yenye rekodi ya dunia ya kupindua abiria mara 14. Ni vigumu kuweka kwenye bango sentensi inayosema kuwa chumba cha tatu kina kabati lililochongwa vizuri.

Sababu ya tatu ni umiliki. Tussauds ilinunuliwa mwaka 2005 na Dubai International Capital, kisha mwaka 2007 ikaunganishwa na Merlin Entertainments chini ya wawekezaji wa Marekani, Blackstone. Bustani zikawa sehemu ya kampuni yenye vivutio nchi nyingi, na kila kimoja kinashindania fedha zilezile. Katika hesabu kama hizo, chapa ambayo mtoto anaijua tayari kutoka kitabuni au kwenye televisheni ni salama kuliko hadithi mpya.

Kisha ikaja ajali. Juni 2, 2015, kigari cha The Smiler chenye abiria 16 kiligonga kingine kilichokuwa kitupu. Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili kati yao walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza Merlin faini ya pauni milioni 5. Idadi ya wageni ilishuka, kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi Alton Towers, na fedha za kutunza vivutio vidogo zikazidi kuwa ngumu kupatikana.

Hofu inayomfaa mtoto

Mzazi anaweza kuuliza: kama midoli hiyo ilikuwa inatisha, si afadhali imeondoka?

Kati ya miaka mitatu na sita, watoto wengi huogopa giza, vinyago na viumbe wa kufikirika, kwa sababu bado wanajifunza kutenganisha kilicho kweli na kisicho kweli. Ni sehemu ya kawaida ya makuzi. Kinachomsaidia mtoto ni kukutana na hofu ndogo akiwa na mtu anayemwamini, na akiwa na njia ya kuidhibiti.

Mdoli wa gizani unampa njia hiyo. Anaweza kufumba macho, kuficha uso kwapani mwa mama, kuchungulia kwa vidole, kisha kuuliza wakitoka: "Yule alikuwa mtu?" Jibu kwamba ni chuma na mpira linamfundisha kitu. Miwani ya kompyuta haimpi nafasi hiyo, na mwigizaji anayemsogelea usoni hamsubiri awe tayari.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya kuwafunga vipima mapigo ya moyo watu 110 waliotembelea nyumba ya kutisha. Waligundua kuwa raha haiongezeki tu kadiri hofu inavyoongezeka. Ina kilele katikati: hofu ikiwa ndogo mno mtu anachoka, ikiwa kubwa mno raha inakufa. Utafiti huo haukuhusu watoto wa chekechea, lakini unakubaliana na wanachokijua wazazi. Tatizo ni kwamba kilele hicho hakiko mahali pamoja kwa kijana wa miaka 17 na kwa mdogo wake wa miaka minne.

Safari ya polepole yenye mandhari nzuri huwahudumia wote wawili. Kijana anacheka mbinu za mafundi, mdogo anashika mkono wa baba. Treni ya kasi haiwezi. The Smiler na Nemesis zinadai urefu wa mita 1.4, na treni za aina hiyo kwa kawaida huwakataza wajawazito, wenye matatizo ya moyo, shingo au mgongo. Masharti hayo ni ya lazima kiafya. Lakini bustani inapoondoa safari za boti na kuongeza treni, orodha ya wanaobaki nje inarefuka: mtoto mdogo, mama mjamzito, bibi mwenye shinikizo la damu.

Familia za Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza, ambako bibi hufika kutembelea wajukuu wakati wa kiangazi, huliona hili kwa urahisi. Tiketi imelipwa kwa watu sita, lakini wanaopanda ni watatu.

Wapo wasioacha

Picha si nyeusi yote. Mwaka 2023 Alton Towers iliondoa bunduki katika nyumba yake ya mizimu na kuifungua upya kwa jina The Curse at Alton Manor. Sasa ina hadithi ya msichana anayeitwa Emily Alton, na imechanganya mandhari za kuchongwa na picha za kumulikwa ukutani. Miaka 31 baada ya ile ya kwanza kufunguliwa, kampuni ilikubali kutumia fedha kwa safari ya polepole.

Huko Hampshire, Paultons Park, inayomilikiwa na familia, ilifungua eneo la dinosaria la Lost Kingdom mwaka 2016, lenye dinosaria wanaosogea. Nje ya Uingereza, Efteling ya Uholanzi bado inaendesha msitu wa hadithi ulioanza mwaka 1952, na mwaka 2017 ilifungua jumba la Symbolica. Efteling ni mali ya taasisi isiyogawana faida kwa wanahisa, jambo linaloipa uvumilivu wa kulea kitu kwa miaka 70.

Jaribio kubwa liko mbele. Aprili 2025 ilitangazwa kuwa Universal ya Marekani itajenga bustani karibu na Bedford, na inatarajiwa kufunguliwa mwaka 2031. Ikileta ushindani wa mandhari na midoli, wenyeji watalazimika kujibu. Ikileta skrini na kasi tu, safari za boti zitabaki kumbukumbu za wazazi.

Kwa mzazi anayepanga kwenda

Kabla ya kununua tiketi, fungua orodha ya michezo ya bustani husika na upime urefu wa kila mtoto nyumbani, akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo. Soma masharti ya kiafya kwa niaba ya wazee na wajawazito.

Anza asubuhi na safari ya polepole, ili mtoto azoee giza na kelele kabla hajachoka. Mweleze mapema kuwa atakutana na midoli na kwamba anaruhusiwa kufumba macho. Akikataa, usimlazimishe, mtoto aliyeburutwa hukumbuka kuburutwa kuliko alichokiona. Kwa mwenye historia ya kichefuchefu, epuka miwani ya kompyuta na vyumba vya skrini vinavyotikisika mara baada ya chakula.

Na uhesabu jambo moja ambalo tangazo halitakuhesabia: kati ya vyote vilivyoorodheshwa, ni vingapi ambavyo wote mliolipiwa tiketi mnaweza kupanda pamoja?